Swali Kwanza, Njia Baadaye: Juu ya Kuchagua na Kuunganisha Njia za Uchunguzi wa Jamii

Katika mafunzo ya makada kuna swali ambalo hurudi kila mwaka: katika kuichunguza jamii, njia ipi ni bora zaidi? Wako wanaoamini takwimu peke yake. Kwao jambo lisilokuwa na tarakimu si la kisayansi. Wako wengine ambao wamechoshwa na majedwali, wanasema ukweli wote uko vinywani mwa wananchi, kwa hiyo tukae nao, tuwasikilize, na hiyo yatosha. Pande hizi mbili hubishana kama washabiki wa Simba na Yanga. Sisi tunaona kwamba zote zimekosea mahali pamoja: zimechagua njia kabla ya kujua zinatafuta nini.

Njia ya uchunguzi ni chombo cha kazi. Mkulima hajiulizi kama jembe ni bora kuliko panga. Hutazama kwanza kazi iliyo mbele yake. Vivyo hivyo mchunguzi hana budi kuanza na swali, na swali hilo ndilo litakalomwambia achukue dodoso, au afungue majalada, au akae kijijini miezi sita, au afanye yote hayo kwa mpango maalumu. Asiyekuwa na swali hukusanya kila kitu, na mwisho wa kazi hajui aanzie wapi kueleza.

Na jambo hili si la wanachuo peke yao. Kada anayeandika taarifa ya kata yake anafanya uchunguzi, apende asipende. Taarifa hiyo hupanda hadi wilayani, kutoka wilayani hadi mkoani, na huko juu huwa msingi wa uamuzi. Kisha uamuzi humshukia mkulima ukiwa na nguvu ya dola nyuma yake. Kwa hiyo kosa la mchunguzi hulipwa na mtu mwingine kabisa, ambaye pengine hakuulizwa neno.

Idadi, na hila ya wastani

Maswali ya "wangapi", "kiasi gani", na "imeongezeka au imepungua" hudai hesabu, wala hapana njia ya mkato. Sensa ya Agosti 2022 ilipata watu 61,741,120 nchini mwetu. Ile ya mwaka 2012 ilikuwa imepata 44,928,923. Hata tungezungumza na wazee wa kila kijiji kwa miaka kumi tusingelipata ongezeko hilo, na bila kulijua huwezi kupanga madarasa wala zahanati. Wale wanaodharau takwimu kwa kisingizio kwamba ni mambo ya warasimu, kwa kweli wanadharau kazi ya kupanga.

Lakini sensa haisemi ni nani ndani ya kaya anayeshika fedha za mazao, wala kama mke anajua mumewe alilipwa kiasi gani. Katika jedwali kaya ni kitu kimoja. Nyumbani ni watu wenye masilahi tofauti, na mara nyingine yanayopingana.

Hila kubwa kabisa ya tarakimu imo katika wastani. Chukua kijiji chenye kaya 100. Kaya 5 zina ng'ombe 600 kwa jumla, na kaya 95 hazina hata mmoja. Wastani ni ng'ombe 6 kwa kila kaya. Afisa atakayesoma jedwali hilo atasema kijiji kina neema, na ataleta josho. Hao ng'ombe sita wa kila kaya hakuna mwananchi aliyepata kuwaona.

Lenin alipambana na hila hii katika kitabu chake juu ya maendeleo ya ubepari katika Urusi, kilichotoka mwaka 1899, ambacho alikiandika akiwa kifungoni na uhamishoni Siberia. Wanarodniki wa wakati ule walidai kwamba kijiji cha Kirusi ni jumuiya ya watu walio sawa, ambayo ubepari haujaigusa, na wakaleta takwimu za halmashauri za majimbo, zile zilizoitwa zemstvo, kuthibitisha. Lenin hakuwa na uwezo wa kwenda vijijini kukusanya takwimu mpya. Alichofanya ni kuchukua majedwali yale yale na kuzigawa kaya upya, kwa ukubwa wa eneo lililopandwa na kwa idadi ya farasi wa kazi. Papo hapo wastani ukapasuka: upande mmoja wakaonekana wakulima matajiri wanaokodi ardhi na kuajiri vibarua, upande wa pili wakaonekana wasio na farasi hata mmoja, ambao ardhi yao wenyewe wanaikodisha na nguvu zao wanaziuza. Takwimu hazikubadilika hata moja. Kilichobadilika ni swali, na swali lilitoka katika nadharia ya matabaka.

Hapa kwetu Adhu Awiti alifuata mwelekeo huo alipoichunguza Ismani, mkoani Iringa, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kwa mtu aliyepita barabarani, Ismani ilikuwa eneo la wakulima wa mahindi tu. Awiti aliuliza nani ana ardhi kiasi gani, nani ana trekta, nani anaajiri na nani anaajiriwa, na hapo "wakulima wa Ismani" wakaacha kuwa kundi moja. Kwamba mgawanyiko huo haukuwa wa vitabuni tu, nchi nzima ilitambua tarehe 25 Desemba 1971, Dk. Wilbert Klerruu, Mkuu wa Mkoa, alipouawa huko huko Ismani katika ugomvi wa ardhi na mkulima tajiri.

Hata leo kazi hiyo haijaisha. Utafiti wa mapato na matumizi ya kaya wa mwaka 2017/18 ulionyesha kwamba asilimia 26.4 ya wananchi wa Tanzania Bara walikuwa chini ya mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi. Ukigawa, unapata asilimia 31.3 vijijini na 15.8 mijini. Ni hatua nzuri, lakini kada asisimame hapo. "Vijijini" nako kuna mwenye ekari mia na kuna kibarua wake, na wote wawili wamo ndani ya asilimia zile.

Nyaraka na vinywa vya wazee

Tugeukie maswali ya aina nyingine: ilikuwaje, na kwa nini watu walitenda walivyotenda. Mfano tulio nao ni uchunguzi wa Vita vya Maji Maji.

Vita hivyo vilianza mwishoni mwa Julai 1905 huko Nandete, Umatumbi, wananchi walipong'oa pamba ya mashamba ya kulazimishwa. Kwa zaidi ya nusu karne aliyetaka kujua habari zake alitegemea nyaraka za Wajerumani. Nyaraka hizo si za kutupwa. Zina tarehe, njia walizopita askari, majina ya walionyongwa, na barua za maofisa waliokuwa wakigombana wao kwa wao. Lakini walioandika ni wale waliokuwa wakipigana na wananchi. Gavana von Götzen, katika kitabu chake cha mwaka 1909, aliona humo njama na uganga. Mkulima wa Umatumbi hana mahali pa kusema katika nyaraka hizo, isipokuwa pale anapohojiwa akiwa amefungwa.

Mwaka 1968 wanafunzi na walimu wa historia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, miongoni mwao Gilbert Gwassa na John Iliffe, waliendesha mradi wa kukusanya masimulizi ya wazee waliokuwa bado hai. Wanafunzi walikwenda vijijini, wengine katika maeneo ya kwao, wakaandika. Humo ndimo tulimopata habari za mashamba ya pamba ya jumbe na akida, viboko, malipo ambayo hayakutosha hata kulipia kodi, na jinsi habari za maji ya Kinjikitile wa Ngarambe zilivyosafiri kwa minong'ono kabla ya risasi ya kwanza. Hayo jalada lisingeyasema.

Tazama sasa jinsi vyanzo viwili vinavyosahihishana. Mzee anakumbuka sababu lakini anachanganya miaka. Jalada lina miaka lakini halina sababu. Na katika idadi ya waliokufa tofauti ni kubwa mno: Wajerumani walitaja watu 75,000, Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Tofauti hii haielezwi na ukweli kwamba mmoja ni adui na mwingine ni mzalendo tu. Mwenye bunduki huhesabu zaidi waliouawa kwa bunduki. Lakini majeshi ya Wajerumani yalichoma mashamba na maghala ya chakula, na njaa iliyofuata iliua watu bila kuandikishwa na mtu. Kila hesabu ya vifo ina swali ndani yake: kifo gani kinahesabiwa kuwa cha vita?

Ingekuwa rahisi kuishia hapo na kuwapongeza wazee. Hatuwezi, kwa sababu masimulizi nayo yana mahali yaliposimuliwa. Mzee aliyezungumza mwaka 1968 alizungumza katika nchi huru, na aliyekuwa akimwandika alikuwa kijana msomi. TANU ilikuwa imekwisha kuitangaza Maji Maji kuwa mwanzo wa mapambano ya taifa. Mwalimu mwenyewe aliitaja mbele ya Umoja wa Mataifa mwaka 1956. Baadaye Jamie Monson, mwaka 1998, alionyesha kwamba katika Nyanda za Juu Kusini magomvi ya zamani baina ya watawala yalichangia sana kuamua nani aingie vitani na nani asimame na Wajerumani. Naye Thaddeus Sunseri, mwaka 2000, akahoji jinsi simulizi ya kitaifa ilivyoziba mambo mengine ya wakati ule. Wako makada wanaoudhika wakisikia hayo. Hapana sababu ya kuudhika. Umoja wa mapambano dhidi ya ukoloni hauhitaji kulindwa kwa kuficha kwamba wengine hawakuingia. Mchunguzi anayewauliza wananchi habari ambazo Chama kimekwisha kuzitolea kauli, lazima ajiulize kama anasikia habari zao au mwangwi wa kauli yake.

Kuunganisha si kurundika

Wanafunzi wengi wakiambiwa "unganisha njia" huandika pendekezo lenye dodoso, mahojiano, vikundi vya majadiliano, nyaraka na kutazama kwa macho, yote kwa pamoja, kwa wiki tatu. Huko ni kurundika. Kuunganisha ni kuifanya njia moja ifanye kazi ambayo nyingine imeshindwa, na kwa utaratibu unaojulikana.

Kagera inatupa mfano. Mwaka 1991 ulianza huko utafiti wa kaya zipatazo 900, ulioendeshwa na Benki ya Dunia pamoja na watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupima hasara wanayopata wananchi pale UKIMWI unapoua watu wazima wenye nguvu za kazi. Kaya zilihojiwa mara kadhaa hadi 1994. (Tunazo sababu zetu za kutofautiana na Benki ya Dunia, na tumezieleza mara nyingi, lakini dodoso lililotungwa vizuri haliharibiki kwa sababu ya aliyeligharimia.) Mwaka 2004 watafiti walirudi. Kwa kawaida anayerudi hivyo huwahoji aliowakuta na kuwafuta waliohama. Hawa waliamua kuwafuata waliohama, mmoja mmoja, hadi mijini na hata ng'ambo ya mpaka.

Matokeo yaligeuza hadithi. Ukilinganisha watu waliotoka katika kaya moja, matumizi ya wale waliohama yalikuwa yameongezeka kwa pointi 36 za asilimia zaidi ya ndugu zao waliobaki. Ambaye angewahoji waliobaki tu angeandika taarifa yenye hesabu sahihi kabisa, na yenye picha ya uongo.

Lakini tarakimu hiyo, kwa nguvu zake zote, haielezi kwa nini ndugu wawili wa nyumba moja, mmoja aondoke na mwingine abaki. Nani alimpa nauli? Nani alimpokea Mwanza? Aliyebaki, alibaki kwa kupenda shamba, au alibaki kumwuguza mama? Hapo ndipo mazungumzo marefu yanapohitajika, na hesabu ndiyo inayotuambia tuzungumze na nani: si na yeyote tuliyemkuta barazani, bali na wale ambao hesabu haikuwatarajia, yaani fukara aliyeinuka na tajiri aliyeanguka. Kisha yale yatakayopatikana katika mazungumzo yarudishwe kuwa maswali ya dodoso lijalo, tujue kama ni ya watu wanne au ya wilaya nzima.

Njia mbili zikikubaliana tunapata nguvu ya kusema. Zikipingana, mchunguzi mwoga huficha upande mmoja. Huo ukinzani ndio mahali hasa pa kuchimba, kwa sababu mara nyingi kila upande umegusa tabaka tofauti au wakati tofauti wa jambo lile lile.

Swali ambalo halikuulizwa

Tuseme wazi juu ya jambo linalotuhusu. Katika Operesheni Vijiji taarifa zilikuwa nyingi, na zilikuwa za idadi. Mwaka 1973 watu wapatao milioni 2 walikuwa wakiishi katika vijiji. Kufikia Juni 1975 walikuwa zaidi ya milioni 9, na katika taarifa yake ya mwaka 1977, miaka kumi baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu alitaja watu zaidi ya milioni 13 katika vijiji 7,684. Kwa swali la "wangapi wamehamia" hatuna la kubisha.

Lakini siasa ya mwaka 1967 haikuwa imeuliza wangapi wanakaa pamoja. Iliuliza kama watu wanazalisha pamoja kwa hiari na kwa faida ya wote. Idadi ya waliohamia haijibu swali hilo, na mahali pengi ilichukuliwa kana kwamba imelijibu. Kiongozi aliyepimwa kwa idadi alileta idadi, na pengine aliileta kwa malori na kwa kubomoa nyumba. Ambaye angekaa kijijini msimu mmoja na kuandika nani amepewa shamba umbali gani kutoka kwake, udongo wa namna gani, maji yako wapi, na watu wanasemaje usiku mgambo wakiondoka, angeleta taarifa nyingine. Mwalimu hakujidanganya: katika taarifa ile ile ya 1977 alisema nchi bado haijawa ya kijamaa wala ya kujitegemea. Mwongozo wa TANU wa 1971 nao ulikuwa umekwisha kudai wananchi washiriki katika kufikiri, kupanga na kutekeleza maendeleo yao. Msimamo ulikuwapo, uchunguzi wa kuusimamia haukuwapo.

Na lile swali la upungufu wa chakula wa 1974 na 1975 bado linabishaniwa: ulitokana na ukame, au na kuhamisha watu wakati wa kilimo? Hatuoni jinsi ya kulijibu kwa njia moja. Ukame na operesheni vilikuja pamoja, kwa hiyo jumla ya mavuno ya nchi haiwezi kuvitenganisha. Inabidi kulinganisha wilaya zilizohamishwa mapema na zilizohamishwa baadaye, kuweka kando yake vipimo vya mvua, kisha kwenda kwa wakulima na kuuliza wiki gani walihama na shamba lilikuwa katika hali gani. Waliolima miaka ile sasa ni wazee sana. Kazi hii ikicheleweshwa tutabaki na majalada peke yake.

Kazi katika tawi

Kada atasema: hayo ni ya wenye magari na fedha. Si kweli. Tuchukue swali ambalo tawi lolote la Mtwara au Lindi linaweza kulifanyia kazi: kwa nini mkulima wa korosho anauza kwa kangomba, kwa bei ya kutupa, wakati mfumo wa stakabadhi ghalani upo tangu msimu wa 2007/08?

Ukiitisha mkutano wa kijiji na kuuliza swali hilo, utajibiwa kwamba kangomba haipo. Kangomba imekatazwa, na mnunuzi wake pengine ameketi mstari wa mbele, na pengine ni mjumbe. Mkutano ni mahali pazuri pa kujua watu wanakubali kusema nini mbele ya wenzao. Kwa jambo la siri haufai.

Anza na daftari la chama cha msingi. Andika nani ameleta kilo ngapi, kisha nenda ukatazame mashamba. Msimu wa 2018/19, Serikali iliponunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, waliopeleka zaidi ya kilo 1,500 walihakikiwa mashamba yao, kwa sababu kilo zilizoandikwa na mikorosho iliyopo vinaweza kutofautiana sana. Mwenye mikorosho michache na kilo nyingi amezipata kwa mtu. Mwenye mikorosho mingi asiyeonekana daftarini amezipeleka kwa mtu. Hapo daftari na shamba, vyote viwili vikiwa bubu, vimekwisha kukuonyesha nyumba za kwenda.

Nenda basi, polepole, bila daftari mkononi, na usiulize juu ya kangomba. Uliza juu ya mwaka: chakula kinakwisha mwezi gani, ada na sare zinadaiwa lini, salfa ilinunuliwa kwa fedha ya nani, aliyeugua alipelekwa hospitali kwa njia gani. Kangomba itajitokeza yenyewe, katika mwezi wake, ikiwa na jina la deni. Mwanamke ahojiwe peke yake, na mwanamke mwenzake, kwani huenda deni lililolipwa kwa korosho zake hakulikopa yeye. Mnunuzi naye asikilizwe. Fedha yake inatoka kwa mkubwa zaidi, na ni muhimu kujua huyo yuko wapi.

Ukishapata maelezo ya kaya kumi, usiyatangaze kuwa ya kata. Tunga maswali mafupi matano au sita kutokana na maneno yao wenyewe, uwaulize watu wa kila nyumba ya tatu katika mashina yote, wenye mashamba makubwa na wasio na shamba, na ujibu hesabu yako kwa makundi, si kwa wastani. Rudia mwezi wa Januari, fedha za mnada zikiwa zimelipwa, kwani majibu ya Mei na ya Januari hayatakuwa sawa. Majina ya waliokueleza yasiingie katika taarifa hata ukidaiwa. Na katika ukurasa wa mwisho waorodheshe wale ambao hukuwapata: vijana walioko Dar es Salaam, vibarua wa kuokota korosho waliokwisha kuondoka, mjane ambaye kila ulipokwenda alikuwa shambani.